Mikononi mwa Dalmas

Soko la Kibuye siku ya Jumapili halina adabu. Watu husukumana, spika za wahubiri hushindana na spika za wauza dawa ya panya, na ukisimama kuwaza unakanyagwa. Dalmas alikuwa ameshika ncha ya pazia la kijani kwenye lundo la mitumba alipohisi linavutwa. Akainua macho. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa mwanamke.

"Hili ni langu," mwanamke alisema.

"Lina jina lako?"

"Nililiona kwanza. Mimi ni fundi wa nguo, hapa natoa gauni mbili. Wewe unataka kulifanyia nini?"

"Dirisha langu linaangalia choo cha jirani, madam. Nionee huruma."

Mwanamke akacheka mpaka akaachia pazia. Alivaa blauzi nyeupe yenye marinda mengi kifuani, sketi ya kitenge iliyomkaa kiunoni kama imemwagwa, na raba zilizojaa vumbi la soko. Dalmas alijua hapo hapo kwamba pazia halina maana tena.

"Chukua," alisema. "Lakini unishonee lingine. Naitwa Dalmas. Nafanya kazi thieta, chumba cha upasuaji, kule hospitali ya serikali."

"Mimi Lornah. Duka langu liko Kondele. Uliza fundi mwenye mdomo, utaonyeshwa."

Aliuliza, akaonyeshwa. Pazia lilishonwa, kisha foronya, kisha suruali ambayo haikuwa imeraruka. Jioni walikwenda Dunga kula samaki, Lornah akimtolea miiba huku akimtania kwamba daktari wa uongo anaogopa mfupa. Asubuhi ilikuwa simu.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula maneno yako ya jana. Hayashibishi, Dalmas."

"Basi nije na mandazi."

"Njoo nayo, na uache maneno nyumbani."

Kulikuwa na jambo moja tu. Kila Dalmas alipomkumbatia, Lornah aligeuka kidogo, akampa bega la kulia. Akimvuta karibu zaidi, alikumbuka cherehani, au chungu jikoni. Dalmas alidhani ni haya, akangoja.

Ijumaa moja Lornah alipiga simu mwenyewe. Anasafiri Bondo, alisema, shangazi yake hajisikii vizuri. Simu huenda ikazimwa.

"Nikusindikize?"

"Hapana, hera, mpenzi wangu. Wewe pumzika."

Hakupumzika. Asubuhi ya Jumamosi Daktari Wanyonyi alimwita amsaidie katika hospitali moja ya binafsi, upande wa Milimani. Daktari huyo, mama mfupi mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemfundisha kusafisha mafuta ya mgonjwa ili yarudishwe mwilini mwake.

"Kuna dada alitolewa uvimbe wa saratani kwenye titi," alimweleza walipokuwa wakibadilisha nguo. "Amepona, lakini pamebaki shimo. Mimi nayatoa mafuta pajani, wewe unayasafisha, halafu nayaweka pale palipobonyea."

Kitanda kikasukumwa ndani. Mgonjwa alikuwa amefunikwa shuka mpaka shingoni, nywele zimefichwa ndani ya kofia. Dalmas alimtambua kwa paji la uso.

Angeweza kunyamaza. Barakoa ilimficha, na baada ya dakika chache Lornah angelala. Lakini alijua kwamba akinyamaza sasa, atalazimika kunyamaza maisha yake yote. Alisogea na kushusha barakoa.

"Lornah. Ni mimi."

Lornah alivuta shuka mpaka kidevuni. "Ulinifuata?"

"Niliitwa kazini. Sikujua ni wewe. Ukitaka nitoke, natoka."

"Toka."

Akatoka. Aliketi kwenye benchi la korido, mikono mapajani. Bondo. Shangazi. Uchungu wa kudanganywa ulimpanda, kisha ukatulia, kwa sababu nyuma ya uchungu huo alianza kuona mambo mengine: Lornah kliniki peke yake, Lornah akirudi dukani na kucheka na wateja, Lornah akijishonea marinda.

Mlango ulifunguka, Daktari Wanyonyi akatokeza.

"Nimemwambia tunaweza kuahirisha, nitafute mtu mwingine. Amekataa. Ameuliza kama unaijua kazi. Nimesema unaijua. Anasema urudi, lakini usigeuke."

Dalmas alinawa, akavaa glavu, akasimama kwenye meza yake ndogo iliyoelekea ukutani. Nyuma yake alisikia pumzi za Lornah zikilegea kwa dawa ya usingizi. Kisha muuguzi akaanza kumletea mabomba ya sindano yaliyojaa mafuta ya manjano, yamechanganyika na damu na maji ya ganzi.

Kazi hiyo haitaki haraka wala nguvu. Mafuta hayo yana uhai. Ukiyabana yanapasuka, ukiyaacha wazi kwenye hewa yanakufa, na yakifa hayatashika popote. Aliyaosha kwa maji ya chumvi, taratibu, mpaka wekundu ukafifia. Aliyatia kwenye mashine, ikayazungusha. Yalipotoka yalikuwa yamejipanga: juu mafuta mepesi ya chembe zilizopasuka, chini damu na maji, katikati yale yaliyotakiwa, mazito, yenye rangi ya siagi. Alimwaga ya chini. Yale ya juu aliyafyonza kwa kipande cha shashi. Ya katikati akayahamisha kwenye vibomba vidogo, akihakikisha hakuna hewa, akavipitisha kwa muuguzi bila kutazama.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi. Siku hiyo tu ndipo aligundua kwamba anapumua kwa mdomo, kama mtu anayebeba yai.

Hakugeuka. Kitanda kiliposukumwa nje bado alikuwa anautazama ukuta, mpaka muuguzi akamgusa bega. "Omera, ndugu yangu, ameshatoka. Geuka basi."

Baada ya hapo hakumpigia. Aliona Lornah alimwita arudi kwa sababu ya haja ya kazi tu, na mtu mwenye aibu haendewi kwa nguvu. Kumbe Lornah naye, akiwa kitandani kwake Kondele, alikuwa anaitazama simu na kujiambia: ameona, amechoka, amekwenda.

Siku zikapita hivyo, kila mmoja akiamini ameachwa. Halafu simu ikalia wakati Dalmas anaanika shati.

"Mbona hunipigii?" Lornah aliuliza kwa ukali.

"Uliniambia nitoke."

"Na nikasema urudi! Hiyo hukuisikia?"

Alifika dukani shati likiwa bado bichi mgongoni. Lornah alikuwa amekaa nyuma ya cherehani, amevaa dera pana la zambarau, uso umepungua kidogo. Hakusimama.

"Uliona nini siku ile?"

"Niliona ukuta. Na mafuta. Mafuta mazuri sana, Lornah."

Lornah alitaka kukasirika, akacheka, kisha akalia. Dalmas alivuta kiti akakaa karibu.

"Kulikuwa na mtu Muhoroni," Lornah alisema alipotulia. "Tulikuwa tuoane. Siku bandeji ilipotolewa aliangalia mara moja, akasema anaenda kuninunulia soda. Mpaka leo hajarudi. Ndiyo maana nilikudanganya. Nilitaka unikute nimeshatengenezwa."

"Uongo wa Bondo uliniuma. Usiseme tena hivyo, hata kwa wema."

"Sitasema." Akajifuta macho kwa ncha ya dera. "Daktari anasema mafuta mengine yatapotea, mwili utayanywa. Huenda nikarudi thieta. Utayasafisha tena?"

"Nikikubaliwa. Wengine hawataki mume aingie thieta."

Lornah aliinua kichwa. "Mume?"

"Nilikuwa nimepanga kusema hivi vizuri zaidi."

"Sema vizuri basi."

Dalmas alishuka kwenye kiti, akapiga goti juu ya vipande vya vitambaa. "Lornah, nikubalie nikuoe. Hivyo ulivyo leo, na hivyo utakavyokuwa mafuta yakishika au yasiposhika."

Nje bodaboda zilipiga honi. Lornah akamshika mkono, akauweka kifuani, upande wake wa kushoto, juu ya dera, polepole kwa sababu bado pana maumivu, akauacha hapo.

"Ndiyo," alisema. Kisha akaegemea cherehani, akasimama. "Nina kiu, Dalmas."

"Unataka soda gani?"

"Yoyote. Lakini hapana, usiende." Alichukua ufunguo wa duka. "Twende wote."