Mikwaruzo kwenye Nguzo Nyeusi

Kucha ya Laurenti ilishikwa mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuishika.

Fundi polishi yeyote wa Tanga anajua kwamba mkwaruzo unapimwa kwa kucha. Unaipitisha polepole. Ikiteleza, mkwaruzo ni wa juu juu, kompaundi na kitambaa laini vinatosha. Ikikwama, ujue umekula ndani, tafuta msasa wa maji. Laurenti alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, pale kando ya barabara ya Pangani, na kucha yake haijawahi kumdanganya. Lakini siku hiyo aliipitisha kwenye ile plastiki nyeusi inayong'aa kama kioo, inayokaa kati ya mlango wa mbele na mlango wa nyuma, mafundi wanaiita nguzo, na kucha ikateleza, ikateleza, halafu ikashikwa. Haikukwama. Ilishikwa, kama mtoto mchanga anavyomshika mama yake kidole.

Akavuta mkono haraka. Akaitazama kucha. Nzima.

"Vipi, itatoka?" aliuliza Mudathir, mwenye gari. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mtaro, mikono nyuma. Aliposhuka, mlango aliufunga kwa goti.

"Itatoka, bosi. Ila ni mingi. Nguzo nyingine zote safi, hii moja tu imechanwa juu mpaka chini. Kwani ulipakia mbuzi?"

Mudathir hakucheka. "Mnunuzi anakuja kesho, yakhe, na ameshasema mikwaruzo ile haitaki. Usiache hata mmoja."

"Mimi ndiye Laurenti. Doa likisikia jina langu linahama lenyewe."

Kama kawaida yake, kabla ya kuanza alipiga picha kwa simu. Picha ya kabla na picha ya baada, wateja wanapenda kuona. Halafu akalishika kopo la polishi na kusoma maelezo yake kwa sauti, ijapokuwa alikuwa ameyasoma mara mia. "Tikisa vizuri. Sugua kwa mduara. Epusha na macho."

Alikuwa na haki ya kusoma kwa sauti. Baba yake alikuwa mkata mkonge kule upande wa Muheza, na utoto wote wa Laurenti uliishia kwenye mkonge. Kusoma alifundishwa na mkewe Praxeda, fundi cherehani, akiwa na miaka arobaini na sita, kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cheusi. Miaka miwili sasa. Tangu hapo hakuna pakiti ya chumvi wala tangazo la msiba lililompita bila kusomwa. Praxeda alikuwa akimwita mwanafunzi, na yeye alikuwa hachukii.

Basi akasugua. Ilikuwa saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, na mkwaruzo mmoja mmoja ukawa unayeyuka chini ya kitambaa. Ajabu ya kwanza ni harufu. Kompaundi anaijua ilivyo, lakini hii ilikuwa harufu ya udi, udi uliochomwa juu ya plastiki. Ajabu ya pili aliiona alipofuta povu la mwisho. Nguzo ilikuwa nyeusi tii, safi, na ndani yake akajiona mwenyewe, akaona barabara nyuma yake na watu wakipita, na kati ya hao wanaopita alikuwapo mmoja asiyepita, amesimama tu, anamtazama. Laurenti akageuka. Nyuma yake, mahali hapo, palikuwa na ukuta mtupu.

"Umemaliza?" Mudathir alisema kwa sauti ndogo.

"Nimemaliza. Njoo uone."

"Sina haja ya kuona." Akazunguka upande wa pili, akaingia, akaondoa gari bila kugeuza shingo.

*

Vitambaa vya kazi Laurenti huvirudisha nyumbani Mikanjuni vikafuliwe. Praxeda alivifua jioni ile uani, na joto la Tanga unalijua, jasho likamwingia machoni, akajifuta kwa kiganja chenye povu.

"Hiki kitambaa kimoja kinanuka kama harusi ya waswahili," alisema akicheka.

"Udi huo. Tajiri alikuwa na udi kwenye gari."

Siku tatu baadaye Praxeda alianza kulalamika macho. Yanawasha, yana mchanga. Wiki ikaisha, akawa hawezi kutunga uzi. Hospitali daktari alimulika, akamulika tena, akauliza, "Mama, umepigwa na nini? Jicho lina mikwaruzo. Yote mawili. Kama mtu kapitisha msasa." Akampa dawa ya matone. Matone yakaisha, ukungu ukazidi.

Kwa fundi cherehani, macho ndiyo shamba. Praxeda alikuwa na magauni manne ya watu mezani na hakuna hata moja aliloweza kupiga pindo. Lakini kilichomtisha Laurenti si magauni. Ni kwamba mkewe, asiyeona sindano, alianza kuona vitu vingine.

Mchana mmoja alirudi kula, akakuta nyumba imenyamaza. Hapana, haikunyamaza. Kulikuwa na sauti, kwaruu, kwaruu, kama mtu anakuna sufuria kwa kijiko, taratibu, bila haraka ya maisha. Akaingia. Praxeda alikuwa amekaa mbele ya cherehani yake, ile ya zamani, nyeusi, inayong'aa, uso wake umeigusa kabisa, pua kwa chuma, na macho ameyafumbua bila kupepesa, na mikono yake yote miwili imelala mapajani imetulia, kwa hiyo huyo aliyekuwa akikwaruza hakuwa yeye, na bado mikwaruzo ilikuwa inajichora pale pale kwenye ile rangi nyeusi, mmoja chini ya mwingine, kutoka kulia kwenda kushoto, na chumba kizima kinanuka udi na plastiki.

"Praxeda."

"Shh," alisema mkewe. "Humu ndani naona vizuri. Nje ndiko kuna giza."

"Praxeda, mke wangu, inuka hapo."

"Anauliza nani alimfungulia." Akageuza uso, na mboni zake zilikuwa zimetanuka zikaenea jicho zima, nyeusi tii, zinang'aa, na Laurenti akajiona ndani yake, akaona mlango nyuma yake, na mlangoni mtu amesimama. Safari hii hakugeuka. Alimbeba mkewe begani akatoka naye uani.

*

Alipopata pumzi alifungua simu, akatafuta picha ya kabla. Akaiweka karibu na cherehani. Mikwaruzo ile ile. Haikupungua, haikuzidi.

Bi Mastura, jirani, alikuwa amekuja kuulizia gauni lake. Laurenti akampa simu bila kujua kwa nini.

"Shikamoo Bi Mastura. Hebu nitazamie hii."

"Marahaba, mwanangu. Hii ni..." Akaisogeza simu mbali na uso. "Audhubillahi! Umeipiga wapi hii?"

"Kazini. Ni mikwaruzo tu, niliitoa."

"Mikwaruzo? Laurenti, haya maandishi!"

"Maandishi? Bi Mastura, mimi nasoma siku hizi."

"Unasoma, ndiyo. Unasoma kutoka kushoto. Haya yanaanzia kulia."

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mikono yake mwenyewe, kwa kitambaa laini, kwa mduara kama kopo lilivyosema, ilikuwa imefuta maandishi ya watu na kuyaita uchafu.

Bi Mastura alimpeleka kwa Ustadh Nasri, ambaye asubuhi anafundisha watoto Kurani chuoni na mchana anatengeneza mafriji. Wakamkuta amechuchumaa nyuma ya friji, bisibisi mdomoni. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaisoma kimoyomoyo.

"Imeandikwa mara saba. 'Kaa humu, tazama humu, usitazame kwingine.' Chini kuna jina la jini anayeambiwa, silitamki. Aliyeandika alikuwa fundi. Huyu mgeni anapenda cheusi kinachong'aa, ndiyo dirisha lake. Alifungwa pale, dirisha likachanwa asione nje." Akamtazama Laurenti. "Kitambaa ulikipeleka wapi?"

"Mke wangu alikifua."

"Na macho akajifuta?"

Laurenti akaitikia kwa kichwa.

"Sisi maandishi tukiyaosha kwa maji tunayaita kombe. Mtu analitumia akapona. Wewe ulimtengenezea mkeo kombe, ila la kufungulia."

"Basi turudishe maandishi kwenye gari. Picha si hii hapa? Nitakwaruza mwenyewe, hata kwa msumari!"

"Lipate gari kwanza."

*

Mudathir aliwakaribisha Laurenti na Ustadh barazani kwake, Raskazone, bila kuuliza wamefuata nini. Mkewe Najat alikuwa mkekani anatunga asumini, jicho moja zima, la pili jeupe kama kauri.

"Gari limeshavuka Horohoro," alisema Mudathir. "Liko Kenya, sijui mji gani."

"Ulijua," alisema Laurenti.

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Mwambie yote," alisema Najat, bila kuinua kichwa. "Mwambie kwa nini yeye."

Mudathir akatazama miguu yake. "Nilizunguka kwa mafundi Ngamiani nzima. Kila mmoja akiinama akaona, anainuka anasema bismillahi, ondoa gari lako. Mwisho mmoja akaniambia nenda kwa yule Laurenti wa barabara ya Pangani. Yule hajui kusoma."

Laurenti alitaka kumpiga. Mkono uliinuka kabisa. Lakini lile neno lilikuwa limeshampiga yeye kwanza, na mtu aliyepigwa pale hapigi vizuri. Akamgeukia Najat.

"Wewe uliponaje?"

"Mimi sikupona, kaka. Mimi nilibakiziwa moja. La pili alilichukua kabla hajafungwa garini."

*

Ustadh alikuja Mikanjuni siku iliyofuata, saa sita na nusu, na sahani nyeupe, zafarani na chupa ya marashi. Praxeda walimkalisha kwenye kiti. Alikuwa hana tena habari ya mchana wala usiku. Alikuwa akitabasamu.

"Kumtoa naweza," Ustadh alinong'ona. "Ila akitoka lazima aingie mahali."

"Mpe televisheni. Mpe cherehani. Mpe chochote cheusi humu ndani."

"Ameshaonja jicho, ndugu yangu. Kwenye plastiki alishafungwa mara moja, harudi tena."

Laurenti alimtazama mkewe. Alikumbuka chaki, na kile kitambaa cheusi, na kidole chake yeye kinene kama ndizi, Praxeda amekishika anakizungusha, "hii ndiyo O, baba, kama mdomo wa mtu anayeshangaa."

"Mimi Mkristo," alisema. "Itafanya kazi?"

"Yeye hakuuliza dini ya mkono ulipokuwa unamfungulia."

"Atachukua nini?"

"Kwa mwingine nuru yote. Kwa mwingine kidogo. Sikuahidi kitu."

Akayaandika maneno kwenye sahani kwa zafarani, kutoka kwenye ile picha, akayamwagia marashi na maji mpaka yakayeyuka yakawa ya njano, kisha akaanza kusoma, na Praxeda akaacha kutabasamu, na ile sauti ya kukwaruza ikaanza, kwanza kwenye cherehani, halafu kwenye kioo cha televisheni, halafu kwenye simu mfukoni mwa Laurenti, halafu kila mahali, kwaruu, kwaruu, ndani ya bati, ndani ya meno yao, na Praxeda akalia kwa sauti ambayo si yake, sauti ya mtu mzima anayetolewa nyumba aliyoizoea, na Laurenti akachota yale maji kwa viganja viwili, akayaosha macho yake, la kulia kwanza, akasema kama alivyofundishwa, "Njoo huku, mimi ndiye niliyekufungulia," na kitu baridi, chembamba kama unywele, kikapita juu ya jicho lake kutoka kulia kwenda kushoto, kikarudi, kikapita tena, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa kabla hajakata.

Halafu kimya. Nje jogoo wa jirani akawika ovyo mchana kweupe.

"Baba," Praxeda alisema, sauti yake yenyewe. "Mbona umelowa shati?"

Laurenti alifumbua macho. Aliona shati. Aliona Ustadh anafuta jasho, aliona mkewe, mboni zake za kahawia, ndogo, za mtu. Aliona kila kitu. Akalia kwa furaha, na Bi Mastura mlangoni akapiga kigelegele.

Kesho yake asubuhi Praxeda alikuwa mezani, uzi ametunga mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu augue. Ametandaza kitambaa cha watu, chaki sikioni, mkasi mkononi. Akamsukumia Laurenti daftari la vipimo.

"Haya, mwanafunzi. Umekaa siku nyingi bila darasa. Nisomee kiuno cha mama Kristina."

Laurenti alifungua daftari. Mwandiko wa Praxeda haukuwapo. Hapakuwa na A wala O wala namba. Kila ukurasa ulikuwa mikwaruzo mitupu, myembamba, inatembea kutoka kulia, na yeye, ambaye hajawahi kukaa chuoni hata siku moja, alikuwa anaielewa yote. Ulikuwa umeandikwa mstari mmoja tu, juu mpaka chini, *macho ya mkeo yalikuwa matamu zaidi, macho ya mkeo yalikuwa matamu zaidi.*

"Ngapi?" aliuliza Praxeda.

"Thelathini na sita," alisema Laurenti.

Praxeda akaamini, akakata.