Kitufe cha Mlango wa Nyuma Kushoto

Kaa hapo kwenye gogo, simu weka mfukoni, unisikilize. Hii kitu haikunipata mimi. Ilimpata Denis, jirani yetu huku Kilema, na alinisimulia mwenyewe, kikombe cha chai amekishika kwa mikono miwili na hanywi.

Siku yenyewe ilianza fresh tu. Julai, baridi, ukungu umelala kwenye migomba, ng'ombe analia njaa bandani. Denis kajikunja ndani ya gari ya baba yake mdogo, Theodory, testa ya umeme mdomoni, anatafuta kwa nini taa ya ndani inamzingua.

Gari yenyewe steshenwagoni nyeupe, ya zamani lakini nzima. Ukifungua mlango wa dereva, taa ya darini inawaka. Wa mbele kushoto, inawaka. Wa nyuma kulia, inawaka. Wa nyuma kushoto, giza. Hapo sasa ndipo Denis alipokuwa amepigwa chenga wiki nzima.

"Taa ikiwaka, usukani wako," Theodory alikuwa amemwambia. "Utapeleka watu Holili mpakani, utarudi, utakula maisha. Isipowaka, kamba ya ng'ombe ile pale."

Na Denis kamba ya ng'ombe alishaichoka. Chuo cha ufundi aliacha kabla hajamaliza mwaka wa kwanza, wenzake wameshuka Moshi mjini na wengine Dar, yeye amebaki na shangazi yake kuchuma kahawa na kubeba majani. Usukani ule ndiyo ilikuwa njia yake ya kutoka. Nyingine hakuwa nayo.

Wiki ile alibadilisha globu. Giza. Akabadilisha fyuzi. Giza. Akafuata waya kutoka darini mpaka kwenye fremu ya mlango, akaukwangua, akaufunga upya. Giza. Akashuka mjini kununua swichi mpya, kile kitufe cha mpira kinachokaa kwenye fremu: mlango ukifungwa kinabonyea, taa inazimika, ukifunguliwa kinachomoka, taa inawaka. Kitu rahisi, hata mtoto anaelewa. Asubuhi hiyo akakifunga. Giza. Akakihamishia mlango wa kulia. Taa ikawaka vizuri tu.

"We fundi wa nini?" Theodory alimuuliza, amesimama mlangoni pa nyumba na mswaki mdomoni. "Wa kufungua au wa kufunga?"

"Swichi nzima, baba mdogo. Waya mzima. Yaani kila kitu kizima."

"Basi mbovu ni wewe."

Denis akatupa testa kitini. Alitamani kuitwanga ile gari na nyundo. Akamsubiri mzee aingie ndani, akakirudisha kitufe kushoto, akachuchumaa kukiangalia vizuri. Mlango uko wazi kabisa. Kitufe kimechomoka, kama inavyotakiwa. Taa ikawaka.

Akatabasamu.

Kitufe kikaanza kuingia ndani. Polepole. Hakuna kilichokigusa. Kikabonyea mpaka mwisho, taa ikazimika.

Akajua ni springi. Hata hapo bado alikuwa na hasira tu, hana woga. Akapeleka kidole kukivuta, huku macho yake yako juu kwenye taa. Akapapasa. Alichokigusa hakikuwa mpira. Kilikuwa baridi, kigumu, na pembeni yake kuna nyama laini yenye majimaji.

Ulikuwa ukucha.

Shangazi yake, Mektrida, ndiye dada wa Theodory. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe chini ya migomba, Denis akamfikia anahema.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umeona nini?"

Hajaulizwa "una nini." Ameulizwa "umeona nini." Denis akamweleza. Mama wa watu akaweka mundu chini, akaangalia nyumbani, akashusha sauti.

"Baba yako mkubwa Filemon hakufia hospitali."

"Si mlisema..."

"Nyamaza nikuambie. Filemon alikuwa mgonjwa kule bondeni Mabogini. Unajua alihamia kule akalima mpunga, akagombana na Theodory kuhusu kihamba, hili shamba la ukoo, akaapa harudi huku hata kwa jeneza. Sasa alipozidiwa, Theodory akamfuata na hiyo gari. Akamwambia, twende hospitali. Akampakia nyuma kushoto. Halafu akapandisha naye huku."

"Kwa nini?"

"Mchagga afie mpungani, azikwe mpungani? Watu wangesema nini? Theodory alitaka afie nyumbani, yaishe." Akafuta pua na kanga. "Filemon alipoona migomba akajua amedanganywa. Usiku ule tulifungua mlango ashuke. Akasema, mimi sishuki. Akashika fremu. Kidole gumba kimekaa kwenye hicho kidude chako, taa ikawa imezima. Tukawa tunamvuta gizani. Tulipokuja kugundua, tunavuta maiti."

Denis akajifuta kidole kwenye suruali.

"Kile kidole," Mektrida akanong'ona, "tulikibandua kwa nguvu. Kililia kama kijiti kinachovunjika."

Kulikuwa na isale imeota mpakani mwa shamba, ule mmea ambao Mchagga akikuletea jani lake kukuomba radhi, hata kama alikuibia mke, unamsamehe. Mektrida akachuma jani moja refu, akalifunga fundo.

"Hili alishike Theodory. Amrudishe ndugu yake alikomtoa, amuombe radhi kwa mdomo wake."

Jioni ile ile Denis alijaribu kumpa mzee lile jani. Hata hakumaliza jina. Theodory aligonga meza, pombe yake ya mbege ikamwagika.

"Ukimtaja tena huyo mtu kwenye nyumba yangu, utalala nje na gari nauza. Nimekuomba taa, sijakuomba historia."

Sasa wewe mwone Denis. Kesho yake, jani liko mfukoni, usukani unampita hivi hivi kwa ubishi wa mzee mmoja. Akaona, aa, jani ni jani. Akachukua funguo, akamwambia shangazi anaenda kulijaribu mwenyewe.

"Isale haishikwi na mtoto kwa kosa la mkubwa," Mektrida akamwambia. "Hiyo siyo radhi. Huo ni ujumbe tu."

Hakusikiliza. Akashuka. Njia nzima hakuangalia kioo cha kati. Kila kona alisikia kiti cha nyuma kinalia, kama mtu anajiweka sawa. Alipofika Mabogini ilikuwa saa sita, jua kali, mpunga kijani mpaka macho yanauma, watu wanapandikiza kwa mbali. Akasimama ukingoni mwa mfereji. Akazunguka, akafungua mlango wa nyuma kushoto, akaliweka jani kwenye kiti.

"Baba mkubwa, shikamoo. Umefika. Shuka."

Vyura walikuwa wanapiga kelele. Wakanyamaza wote pamoja.

Maji ya mfereji yakatikisika, duara moja, kama mtu ametia mguu. Denis akaweka kiganja kukinga jua, akachungulia darini. Taa inawaka. Akafunga, akafungua. Inawaka. Akafunga, akafungua tena. Akacheka peke yake mpaka machozi, akaiacha milango yote minne wazi, akakaa kwenye nyasi ukingoni, akavuta pumzi. Alikaa kidogo tu. Kurudi, jani halikuwepo kwenye kiti. Akajua upepo.

Alifika Kilema ukungu umeshuka tena. Theodory akafungua mlango ule mwenyewe, akafunga, akafungua. Kwa mara ya kwanza Denis akamwona anacheka na meno.

"Eeh! Kumbe una akili, ulikuwa unaficha." Akamtupia funguo za akiba. "Usukani wako. Ngoja nichukue koti, unipeleke Holili sasa hivi. Nitakaa nyuma. Nimeshakuwa na dereva, nikae mbele kama utingo?"

Denis akabaki peke yake na gari. Raha yake hata siwezi kukwambia. Akachukua kitambaa, akafuta kioo, akafuta kiti cha dereva, kiti chake. Akazunguka kushoto, akafungua mlango kumwandalia mzee.

Taa ikawaka.

Kwenye kapeti kulikuwa na tope. Tope jeusi la mpungani, bado bichi. Nyayo mbili, pekupeku, pana, vidole vimetanuka. Hazikuangalia nje. Zilikuwa zimeingia. Zimetulia pale mbele ya kiti, zimejipanga sambamba, kama za mtu aliyekaa anasubiri. Na jani la isale lilikuwa kwenye kiti. Fundo limefunguliwa.

Denis akaangalia kwenye fremu.

Kitufe kilikuwa kinaingia ndani. Polepole.

Taa ikazimika.

Akausukuma mlango ukafunga. Nyuma yake viatu vya Theodory vinakuja kwenye changarawe, mzee anapiga mluzi, koti begani.

"Mbona umefunga? Fungua, dereva. Tunachelewa."

"Baba mdogo, kaa mbele."

"Kwa nini?"

Denis akafungua mdomo. Jina lile lilikuwa palepale kwenye ulimi. Akilisema, usukani umekwenda, anarudi kwenye kamba ya ng'ombe, na mzee kwa ubishi wake ataingia tu. Asipolisema, ni kuvuta kitasa na kukaa pembeni. Ndani ya gari, upande ule wa kushoto, kiti kikalia. Kama mtu anasogea kumwachia mwenzake nafasi.

"Denis. Nimekuuliza, kwa nini?"

Kitasa kiko mkononi mwako, kina baridi, na mwenye kosa amesimama nyuma yako anasubiri afunguliwe. Ungekuwa wewe, ungemfungulia?