Sauti Iliyopiga Odi

Mama Saumu alinikuta katikati ya njia, gunia la makala ya kupikia kichwani, mikono nimeitandaza kama Yesu wa kalenda, nikipaza sauti: "Ingia, mwanangu! Ingia, nyumba ni yako!"

Mbele yangu palikuwa na ukuta.

Ukuta wa matofali tu. Na mbuzi mmoja, ambaye naye aliona haya kwa niaba yangu.

"Pasteur," alisema Mama Saumu, akishusha beseni lake la samaki wa Mulongo. "Ni lutuku umekunywa?"

Siku nyingine ningemchekesha. Nimechekesha askari wa mipaka katika nchi ambazo sikujua hata kuomba maji. Jioni ile nilishindwa.

"Umemsikia?"

"Nani?"

"Exaucée. Ameniita. Hapa, nyuma yangu, nikageuka."

Alitazama ukuta. Mtaa mzima ulijua binti yangu Exaucée yuko India, kwenye milima ya kaskazini, anahubiri kijiji hadi kijiji, na simu yake imenyamaza muda mrefu. Mama yake hakuwa analala. Mimi nilikuwa nalala kwa kujifanya, ili mmoja wetu aonekane ana imani.

"Na weye uliitika," alisema polepole.

"Niliitika."

"Mbele ya kuona uso?"

Bibi yangu wa Kabongo alitufundisha sote: jua likizama, ukiitwa jina, funga kinywa mpaka uone uso wa anayekuita. Nilipokuwa kijana misheni ikanituma Asia. Nikalala katika nyumba za watu nisiowajua, nikatapika katika mabasi yao, nikahubiri Manila ibada nzima zipu ikiwa wazi. (Waliokoka wengi siku ile. Sijui kwa neno lipi.) Mwisho nikafika milima hiyohiyo aliko Exaucée. Huko mama mmoja mzee, akikoroga wali, akanionya: giza likiingia, ukiitwa, usiitike. Ngoja. Kile kitu hakina nguvu ya kuita mara ya tatu.

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nimekimbia nusu ya dunia kumwacha bibi yangu, kumbe amenitangulia, yuko huku anapika wali!

Exaucée alikua akisikia kichekesho hicho. Nadhani njo hicho kilimtia hamu ya kwenda.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta. Nilikuwa nimeitwa mara moja tu.

Halafu nikasikia harufu...

Si makala. Si samaki. Moshi wa matawi mabichi ya mreteni, ule mti wanaouchoma mbele ya milango kule milimani. Hapa Kamina hatuna mti huo. Kiangazi, sisi tuna vumbi.

"Bismillahi," alinong'ona Mama Saumu. Alikuwa ameusikia pia. "Enda kwako, Pasteur. Usiangalie nyuma."

Nilikwenda. Harufu ikanifuata.

Nyumbani, mke wangu Émerence alikuwa anachambua maharage, simu imelala pajani mwake. Sikumwambia kitu. Nilifunga mlango, nikatua makala. Simu ikalia.

"Papa?" Sauti ndogo, ya kunong'ona.

"Ngoyi!" Ni jina la marehemu mama yangu. Exaucée tunamwita hivyo humu ndani tu.

"Papa, uko wapi?"

"Nyumbani, mama. Niko hapa na mama yako."

Akavuta pumzi.

"Sasa ni nani iko hapa inje?"

Émerence aliacha kuchambua.

"Kuna muntu kwa mlango, Papa. Iko na sauti yako. Ananiita Ngoyi. Huku hakuna muntu anajua hiyo jina."

"Uliitika?"

"Nilitaka. Bibi ya nyumba alinifunga kinywa na mukono." Nilisikia bibi huyo akinong'ona pembeni yake. "Papa... Bibi anauliza. Kule kwenu, kuna muntu aliitika?"

Nilitazama mlango.

"Papa? Uli—"

Rezo ya simu ikakatika.

Niliitikisa simu, nikairudisha sikioni.

"Odi, Papa..."

Haikuwa simu. Ilikuwa mlangoni kwetu.

Sauti ya binti yangu. Imechoka, kama ya mtu aliyetembea mbali sana. Moshi wa mreteni ukaanza kuingia chini ya mlango, taratibu.

Niliinuka. Ndiyo, niliinuka! Niliwaza: labda amekufa kule, na huyu ndiye yeye. Labda simu ndiyo ilikuwa ya uongo. Baba gani anamwacha mtoto wake nje? Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo.

Émerence aliukamata. Maharage yote yalikuwa chini.

"Odi..."

Kucha za Émerence zilinizama kwenye ngozi.

Tulisubiri.

Haikuita mara ya tatu.

Kesho yake Exaucée akapiga simu, rezo safi kabisa. Mzima. Anacheka. Nikamuuliza: na yule bibi aliyekufunga kinywa? Ah, bibi aliondoka, Papa, sijui alienda wapi. Tangu hapo anapiga kila Jumapili. Mimi nikarudia kazi yangu ya kuchekesha mtaa, na Mama Saumu akawa ananisalimia huku ameangalia ukuta.

Jumapili iliyopita jua lilikuwa linazama. Simu ikalia. Kabla sijasema alo, nikamsikia:

"Odi, Papa..."

Nilicheka. Nikaifunika simu kwa kiganja.

"Sikia mtoto wako! India imemfundisha adabu. Sasa anapiga odi mpaka kwa telefone."

Émerence hakucheka.

"Papa?" ilisema simu, ndani ya kiganja changu. "Niitikie, basi..."

Hapo ndipo nilipomuuliza Émerence, kwa kunong'ona, jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza: jioni ile mlangoni, alijuaje kwamba si binti yetu?

Aliichukua simu mkononi mwangu. Akaizima.

"Mutoto wa hii nyumba hapigake odi."