Jina la Pili Kwenye Historia

—Mpenzi, achana na hiyo historia. Kubali tu yaishe.

Fundi hakugeuka. Ofisini wote walimwita hivyo, maana programu ikigoma, yeye ndiye wa kuitwa. Sasa programu waliyoiandikia hospitali, ya kukokotoa dozi za watoto, ilikuwa imemzidishia mtoto dawa. Tangu jana mtoto hajafumbua macho. Faili la kuzuia dozi kubwa lilikuwa limefutwa, na Bosi yuko chumba cha pili, anataka jina la aliyelifuta.

—Yaishe vipi? Mtoto wa watu anapigania roho yake!

—Ukisema ulikosea, Bosi atakuelewa. Ukibisha, anaita polisi. Mimi mchumba wako, nikudanganye ili iweje?

Mkono wa mchumba huyo, aliyefanya kazi naye ofisi hiyo hiyo, ulikuwa begani kwa Fundi tangu asubuhi. Sasa ulianza kumlemea.

Fundi akaandika kwenye skrini nyeusi amri ya kufungua historia ya programu: git log. Mabadiliko yote yakashuka kwa mstari. Faili limefutwa Jumanne, saa tisa alasiri. Mwandishi: yeye mwenyewe.

Akausoma mstari huo mara ya pili.

—Si umeona? mchumba akasema taratibu. —Ulichoka, mama. Ulifuta bila kujua.

Jumanne saa tisa? Jumanne saa tisa alikuwa kwa mshonaji na mama mkwe, anapimwa gauni la harusi, na kompyuta aliiacha hapa hapa mezani. Simu ikatetemeka. Mama mkwe huyo:

"Mkwe wangu, kadi zinachapwa saa sita. Nimeweka majina yenu yote mawili. Nithibitishie."

Majina mawili. Fundi akaweka simu chini. Kila badiliko hubeba majina mawili: la aliyeliandika na la aliyeliingiza. Amri ya kawaida huonyesha la kwanza tu, na hilo mtu anaweza kuandika la mwenzake. La pili mashine hujiwekea yenyewe, la mwenye kompyuta iliyotumika pamoja na saa, na wengi hulisahau.

Akaandika tena, sasa aone yote mawili: git log --pretty=fuller

Mkono ukaondoka begani.

—Fundi, usibonyeze hiyo.

Miaka mitatu, hajawahi kumwita Fundi. Akabonyeza.

Mwandishi: Fundi, Jumanne. Aliyeingiza: mchumba wake, jana saa nne asubuhi. Hospitali ilipiga simu jana hiyo hiyo, saa tatu na nusu.

—Jamani! Mtoto anakata roho, wewe unakaa hapa kubadilisha jina?

—Nilikuwa nasafisha mafaili, nikadhani halitumiki. Niliogopa! Wewe Bosi anakupenda, asingekufanya kitu.

—Na polisi je?

Fundi kwanza akalirudisha lile faili mahali pake, asije akaumia mtoto mwingine. Halafu akapiga simu.

—Mama, shikamoo. Simamisha kadi.

—Marahaba mwanangu. Kwani jina limekosewa?

—Hapana, mama. Toa langu.

—Weee! Mmegombana? Mwenzio yuko wapi?

Fundi alimtazama yule mwanaume aliyempenda, kajikunyata ukutani, jasho linamtiririka.

—Yuko hapa, mama. Atakueleza mwenyewe.

Akamwekea simu mkononi, akabeba kompyuta ikiwa wazi vile vile, akagonga mlango wa Bosi.

—Ingia, Bosi akaitikia. Sauti ilikuwa nzito. —Hospitali wamepiga tena sasa hivi, kuhusu yule mtoto. Funga mlango, ukae.