Machozi ya Mwenyewe

Fundi wa sauti wa filamu alivua hedifoni masikioni, akaziangalia kama zimemng'ata.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "nani anapumua karibu yako?"

Bibi Machozi alikuwa peke yake kwenye kitanda cha maigizo, mbele ya kamera. Jina hilo alipewa na mashabiki, maana kwa kulia hakuwa na mpinzani: mwongozaji hajamaliza kusema neno, mashavu yameshalowa. Alicheka.

"Labda ni mume wa tatu, kaja kupanga foleni."

Watu wakacheka naye. Lakini kicheko chake kilikatika njiani, kwa sababu alinusa harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi. Aliijua. Iliingia chumbani siku mume wa kwanza alipofungasha nguo bila kumtazama usoni. Ikarudi kwa mume wa pili, aliyetoka mbio na kandambili mguuni, hata viatu hakuvifuata. Magazeti yakaandika kwamba ana kiburi, anabadili waume kama magauni. Yeye akachapa kazi. Ila bintiye alipogoma kulala kwake akahamia kwa bibi yake, hilo lilimkata maini.

Jioni ya siku hiyo ya harufu, akatoka kazini akaenda kumwona binti.

"Niambie ukweli, mwanangu. Nani kakukosea pale nyumbani?"

Mtoto akamsogelea sikioni. "Si wewe, mama. Ni yule anayelala nyuma yako. Wewe ukilala, yeye analia."

Bibi Machozi hakupiga kelele. Alipandwa na hasira. Kesho yake mchana alimleta mganga studio, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa na maneno machache, wakajifungia kwenye chumba cha kujipodolea. Mganga akafukiza ubani, akaanza kusoma dua.

Kwanza taa zilizozunguka kioo zilififia moja baada ya nyingine, kisha magauni yakatikisika ukutani ingawa dirisha lilikuwa limefungwa, kisha ile pumzi ikasikika, nzito, yenye unyevu, ikizunguka chumba kama mtu anayetafuta pa kukaa, ikaja ikatulia kisogoni mwa Bibi Machozi, na mdomo wake mwenyewe ukafunguka bila ridhaa yake, ukatoa sauti ya kiume.

"Mimi ni mumewe tangu filamu ya kwanza. Wale wawili niliwafukuza mimi. Machozi mnayoyapigia makofi ni yangu. Nikitoka, natoka nayo."

Mganga akanong'ona, "Hapo hadanganyi, mwanangu. Utabaki mkavu, hata msibani hutalia. Na jina lako lote limesimama juu ya hayo machozi. Fikiria vizuri."

Bibi Machozi akang'ang'ania ukingo wa meza, akaupigania mdomo wake mpaka ukamrudia.

"Nani kakwambia nakuhitaji? Nilipokuwa nakesha nikikariri maneno, ulikuwa wapi? Nilipocheza na homa mwilini, ulikuwa wapi? Beba maji yako, utoke!"

Kioo kikapasuka toka juu hadi chini. Machozi meusi kwa wanja yakambubujika shingoni, kifuani, mengi kuliko anayoweza kuwa nayo binadamu, mganga kamshika kichwa anasoma bila kupumzika, hadi yakakatika. Kimya. Bibi Machozi akavuta pumzi. Ilisikika moja tu.

Binti alirudi wiki hiyo. Aliangua kilio cha furaha mlangoni, na mama akamkumbatia huku macho yake yamekauka kau, akiumia kwamba hawezi kulia naye. Lakini mtoto alilala fofofo, ubavuni pake.

Walipoanza tena kupiga picha, ilikuwa zamu ya onyesho la mama anayeletewa maiti ya mwanawe. Mwongozaji akasubiri. Akasubiri.

"Lia basi, dada! Watu wanakuja kuona machozi yako!"

"Yule aliyekuwa akilia ameacha kazi."

Akapiga magoti kando ya jeneza, akainua uso mkavu, na fundi wa sauti akajikuta anajifuta machozi.

"Sasa nacheza mimi," alisema. "Washa kamera."