Vidonda Tu

Lifti ya hospitali ilikuwa imeshiba watu, na bado binti mmoja alijipenyeza ndani, amekumbatia kisanduku cha barafu, koti jeupe likiwa wazi juu ya gauni la njano.

"Samahani jamani, msinibane. Nimebeba damu."

"Hata sisi tumebeba damu, dada," sauti ya kiume ikajibu nyuma yake. "Ila yetu haijawekwa kwenye barafu."

Lifti nzima ikacheka. Aligeuka akamwona kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi likakubali, amemshika mama yake mkono. Lifti ikakwama katikati ya ghorofa. Mpaka fundi anaifungua, wawili hao walikuwa wamekwisha kupeana namba za simu, na mama anajifanya hasikii.

Kijana alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi wake walimwita Breki, kwa kuwa ndilo neno alilowapigia kelele kutwa nzima. Binti alikuwa mtafiti wa saratani za tumbo na utumbo katika maabara ya hospitali hiyo. Breki alimwita Dokta, na kila alipokumbushwa kwamba yeye hatibu mtu, alijibu, "Mbona mimi umeshanitibu?"

Penzi likaiva upesi. Jioni Breki alimfundisha kuendesha gari, na Dokta alijifunza vibaya makusudi ili masomo yasiishe.

"Hebu nieleze, laazizi, unatafuta nini kwenye damu za watu?"

"Mikro-RNA," alijibu, macho barabarani. "Ni vipande vidogo mno ndani ya seli. Kazi yake ni kunyamazisha maagizo. Seli ikiambiwa izaliane, kuna kipande kinachosema, inatosha."

"Kumbe ni breki!"

"Vingine breki, vingine vinazizima breki zenyewe. Kwenye saratani ya tumbo, ya ini, ya utumbo mpana, tunakuta mpangilio umevurugika. Vya kuzuia vimepungua, vya kuchochea vimezidi. Na baadhi huvuja kwenye damu. Huenda siku moja tone la damu likatuonya kabla mtu hajaanza kuumwa."

"Siku moja lini?"

"Bado. Kwa sasa ni utafiti, si kipimo cha kumpa mgonjwa majibu. We Breki! Mbona hukuniambia kuna tuta?"

"Nilikuwa nakutazama wewe."

Mama, mshonaji mstaafu, aliposikia kwamba utafiti unahitaji watu wa kujitolea, alikunja mkono wa blauzi yake mwenyewe. "Chukua, mwanangu. Mkwe hanyimwi damu." Chupa yake ikaingia katika jokofu pamoja na za wengine, ikiwa na namba tu bila jina.

Siku moja Dokta alialikwa chakula cha mchana nyumbani ambako Breki aliishi na mama na dada yake. Mama alikula vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani.

"Nimeshiba, wanangu."

Gauni alilojishonea mwenyewe lilimpwaya mabegani. Dokta alipofika kwake tu akapiga simu.

"Mpenzi, mama anashiba haraka na amepungua. Mlete apimwe tumbo kwa kamera. Nimeshazungumza na daktari bingwa, anamsubiri Jumatatu."

"Nitamleta, roho yangu."

Jumatatu mama alikataa katakata. "Nimezeshwe mpira kama bomba la maji? Sitaki! Ni gesi tu hii." Breki alibembeleza kidogo, kisha akaacha. Ukweli ni kwamba na yeye aliogopa, na kule kukataa kwa mama kulimpa nafuu. Simu ilipolia, mdomo wake ukatangulia.

"Tumeenda. Wameona vidonda tu."

"Alhamdulillahi! Umenitua mzigo, mpenzi."

Angeweza kurekebisha neno lake siku hiyohiyo. Angeweza kesho yake. Lakini kila siku iliyopita ililifanya lile neno kuwa zito zaidi kulibeba.

Miezi ikapita. Asubuhi moja mama akatapika damu. Safari hii kamera ilipita, na ikaona saratani iliyokwisha kufika kwenye ini.

Breki alipanda maabara kwa ngazi, macho mekundu.

"Damu ya mama ilikuwa mikononi mwako! Mashine zako zilijua, ukanyamaza!"

"Mpenzi, chupa zina namba tu. Na hata ningeijua ya mama, utafiti wetu haujathibitika kiasi cha kumwambia mtu ana saratani." Dokta alikuwa akilia. "Lakini kamera ilisema vidonda. Ilikuwaje?"

Hapo ndipo mlango wa kukiri ulipokuwa wazi. Breki hakuingia.

"Kamera yenu ndiyo iliyokosea," alisema, akaondoka.

Dokta akamwendea daktari bingwa kwa hasira. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mama huyo nilimsubiri Jumatatu ile. Hakuja."

Tangu hapo Dokta alimpigia Breki simu kila jioni, bila kupokewa. Mchana, Breki akiwa kazini, alikwenda wodini kumpaka mama mafuta miguuni.

"Ni mimi niliyekataa," mama alimwambia siku moja, sauti imebaki uzi. "Yeye alinifichia. Usimchukie."

"Simchukii, mama. Nasubiri aniambie mwenyewe."

Mama akafa. Breki alikuwa bado hajakiri.

Ilipita karibu mwaka ndipo akatokea kwenye korido ya maabara, amekonda, shati halijapigwa pasi. Dokta alikuwa akifunga vitabu vyake katika maboksi. Alikuwa amepata kazi mji mwingine.

"Nilikudanganya," Breki alisema akiwa bado amesimama mlangoni. "Hatukwenda siku ile. Nilimuua mama kwa woga, nikakubebesha wewe maiti."

"Hukumuua. Labda hata siku ile tungekuwa tumechelewa, hakuna ajuaye." Akafunga boksi. "Ila kwamba hamkwenda, nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyonifokea."

"Na bado ulikuwa unapiga simu?"

"Nilikuwa nakungoja, Breki. Nimengoja mpaka nikachoka."

"Nimekuja sasa. Nioe... niruhusu nikuoe, kipenzi."

Dokta akatabasamu kidogo, kwa huzuni. "Nimekusamehe. Kwa moyo wote." Kisha, kama anayekwepa swali, akauliza, "Na dada yako? Ugonjwa ule wakati mwingine huandama familia. Amepimwa?"

"Nimemleta leo. Yuko chini, kwenye foleni ya kamera."

"Kweli?"

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Wakatazamana. Dokta akaenda dirishani, akachungulia ukumbi wa chini, akatafuta kichwa kimoja kati ya vichwa vingi mpaka akakiona.

"Yupo," alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi. "Nimemwona."

Breki akaitikia kwa kichwa. Hakurudia tena posa yake. Aliinua boksi lililokuwa zito kuliko yote, akamshushia mpaka kwenye gari.