Anayepiga Bati Ndiye Anayemwaga Mchanga

Karakana ya Fundi ilijaa maranda. Yalikuwa chini ya meza, madirishani, hata kwenye nywele za mafundi. Moto ungeweza kuwaka wakati wowote. Kwa hiyo kila seremala alikuwa na ndoo ya mchanga miguuni na kipande cha bati ukutani. Akiona moshi, mkono mmoja upige bati, wa pili umwage mchanga.

"Hapa hatuajiri mtu wa kupiga kelele tu," Fundi alipenda kusema. "Anayepiga bati ndiye anayemwaga mchanga."

Siku hizo Fundi aliumwa tumbo karibu na kitovu, hasa alipoinama kupiga randa. Lakini madawati ya shule yalikuwa yanasubiriwa. Alinunua vidonge vya kutuliza maumivu, akavificha ndani ya kopo la misumari. Kila asubuhi alimeza kabla ya kula. Maumivu yalinyamaza, naye akafanya kazi huku akiimba.

Asubuhi moja mkewe, Mama Mapacha, alikuja kuomba msumari wa kutundikia kioo. Akatia mkono kwenye kopo.

"Baba Mapacha, misumari ya siku hizi ni myeupe na ya mviringo?"

"Iache hiyo, mke wangu."

"Unaumwa nini?"

"Siumwi tena. Ndiyo kazi ya vidonge."

Jirani yao muuguzi alikuwa hapo, amekuja kuchukua kabati lake. Aliuliza polepole, "Shemeji, choo chako kina rangi gani?"

"Hilo nalo ni swali la mteja?"

"Ni swali la jirani."

Fundi alitazama mlangoni. "Cheusi," akasema mwishowe. "Kama lami."

Mama Mapacha aliketi juu ya dawati. Vanishi ilikuwa bado mbichi, lakini hakujali.

"Huenda unavuja damu tumboni," muuguzi alisema. "Twende hospitali leo hii."

"Lakini haliniumi."

"Hapo ndipo ulipojidanganya. Ndani ya utumbo kuna neva zinazohisi maumivu. Ulidhani zinapiga bati tu. Watafiti walichunguza panya, wakaona zinamwaga na mchanga pia. Zikiguswa na kitu kibaya, zinaziambia seli za utumbo zitoe ute. Ute huo hufunika ukuta wa utumbo na kuulinda. Panya waliozimwa neva hizo walikuwa na ute kidogo, na utumbo wao ulivimba zaidi."

"Kumbe maumivu ni rafiki?"

"Ni mlinzi. Ila wakati mwingine neva hizo hizo huzidisha uvimbe. Kwa hiyo usiyavumilie tu, wala usiyanyamazishe tu. Tafuta moto ulipo. Na vidonge hivi, ukivimeza kila siku, navyo vinapunguza ute na kuchubua utumbo."

"Na madawati?"

"Kila alfajiri nimekuombea afya bila kujua unaumwa wapi," mkewe alisema. "Mungu amenionyesha ndani ya kopo la misumari. Kuomba nimeomba. Sasa vaa viatu."

Daktari alikuta vidonda na uvimbe kwenye utumbo. Alimkataza vile vidonge, akampa dawa ya ugonjwa wenyewe. Alimwambia asinunue tena dawa ya maumivu bila kuuliza. Wenzake walimalizia madawati. Fundi alipona taratibu, akarudi kazini.

Siku moja bati lilisikika likilia. Mama Mapacha alitoka nyumbani mbio, akaingia karakanani na ndoo ya mchanga.

"Moto uko wapi?"

Fundi alikuwa amekaa, randa limewekwa kando. Akagusa tumbo. "Hapa. Limeanza kuuma kidogo."

Mafundi wakacheka. Mama Mapacha hakucheka. Alitua ndoo, akafuta jasho.

"Namshukuru Mungu umepiga bati," alisema. "Mchanga tutaumwaga pamoja. Twende kwa daktari."

Uvimbe ulikuwa mdogo safari hii, na dawa iliuwahi. Kopo lile sasa lina misumari tu.